Kazi ya jimu Dodoma, kutwa nzima unazuia watu

Watu wakisikia nafanya kazi jimu wanadhani kazi yenyewe ni kumsimamia mtu kichwani unapiga kelele ongeza, ongeza, bado kumi. Hapana. Muda mwingi nikiwa pale nazuia watu. Punguza hicho chuma, shuka kwenye mashine, kaa unywe maji, leo inatosha uje keshokutwa. Nilianzia mapokezi na usafi, nikasogea mpaka nikawa mwalimu wa mazoezi, na katika yote niliyoyaona hapa Dodoma hakuna ninaloliamini kama hili, wengi wanaoacha mazoezi hawaachi kwa uvivu, wanaacha kwa sababu siku ya kwanza ilizidi.

Ngoja nieleze kwanza aina ya watu tunaowapata. Uamuzi wa makao makuu kuhamia Dodoma ni wa mwaka 1973 lakini watu hasa walianza kumiminika baada ya 2016, saivi wizara ziko kule Mji wa Serikali Mtumba na jimu yetu iko upande wa Kisasa, njia hiyo hiyo, kwa hiyo wateja wetu wengi ni watumishi. Na mtumishi wa Dodoma ana maisha yake aisee. Unakuta baba au mama wa miaka arobaini na kitu, familia iko Dar, watoto wanasoma kule, hapa kapanga nyumba anaishi peke yake, asubuhi kwenye gari, kutwa kwenye kiti, jioni kwenye gari tena, usiku hana hamu ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja, anapita anachukua chipsi kuku au nyama choma analala. Ijumaa anapanda treni ya SGR kwenda kuona watoto, Jumapili usiku karudi. Akikaa hivyo mwaka, miwili, kitambi kinakuja, presha inakuja, na upweke nao umo humo humo. Kuna mtu anakuja siku nyingine hagusi hata chuma kimoja, anatembea kwenye tredimili taratibu anapiga stori na wa pembeni yake, anaoga, anaaga vizuri, anaondoka. Mtu wa hivyo mimi simsumbui na mambo ya ratiba. Kaja kukaa na watu na ada yake kalipa.

Tunafungua saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya hao hao watumishi, wanataka wamalize, waoge, wakanywe chai wawahi ofisini. Mwezi wa sita na wa saba hapa kuna baridi na upepo ambao mgeni wa Dar haamini, mtu anaingia kajifunika koti mpaka masikioni alafu anataka aende moja kwa moja kwenye benchi kunyanyua kilo sitini. Hapo ndo kazi inaanza. Namwambia mteja, bosi wangu, kwanza tembea, zungusha mabega, nyanyua fimbo tupu. Na fimbo tupu ile ndefu peke yake ni kilo ishirini kabla hujaweka sahani hata moja, watu wengi hawalijui hilo, wanahesabu sahani tu.

Alafu kuna suala la heshima, hili hakuna kozi itakufundisha. Mimi kijana, mteja ni umri wa mama yangu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, za nyumbani, nzuri, na dakika moja baadaye natakiwa nimwelekeze skwati, yaani nimwambie mama mzima mambo ya kurudisha makalio nyuma. Haitamkiki. Nilichokuja kufanya ni kumwekea stuli ya plastiki nyuma yake namwambia mama kaa, sasa simama bila kushika magoti, kaa tena, taratibu, usijitupe. Akishazoea naichukua stuli ndefu naleta fupi kidogo, mwisho naondoa kabisa, na skwati inakuwa imeingia mwilini bila mtu kuona aibu. Na kumgusa mtu naomba kwanza, kila mara, hata kama jana nilimgusa pale pale. Mama naomba nikushike bega hapa nikunyooshe. Akisema hapana naonyesha kwa mwili wangu mwenyewe. Walimu wenzangu wengine wanaona napoteza muda, lakini mteja wa kike akiguswa vibaya au hata akihisi tu kaguswa vibaya hatarudi na hatakwambia kwa nini, na atakuwa sahihi.

Ubaya wa hiyo heshima unakuja pale unapotakiwa kumkatalia mtu mzima. Kuna baba mmoja alikuja, mtu mkubwa ofisini kwake, unamwona tu hata anavyoshika funguo za gari. Akaniambia mwanangu nina wiki tatu, binti yangu ana sendofu, nina suti nzuri lakini haifungi, nipe mazoezi makali uwezavyo, hela siyo tatizo. Sisi kwetu mgeni hagusi kitu kabla hatujamuuliza maswali, unatumia dawa gani, umewahi kuzimia, kifua kinabana ukipanda ngazi, nyumbani kuna mwenye presha au kisukari, na tuna mashine ya kupimia presha pale mapokezi. Akajibu yote hapana, niko fiti, nimecheza mpira ujana wangu wote. Nikamfunga mashine mkononi, ikasoma 186 juu, chini 112. Nikamwambia baba tukae kidogo, labda umepanda ngazi haraka. Tukakaa kama dakika kumi tunaongelea Simba na Yanga, nikapima tena, imeshuka vipointi viwili vitatu tu.

Nikamwambia shikamoo tena baba, samahani, leo hatufanyi zoezi lolote, leo unaenda hospitali. Alikasirika. Alisema amelipa mwezi mzima, yeye siyo mtoto, mashine zetu za Kichina. Nikasimama pale pale kwa adabu, nikamwambia hela yako inabaki, mwezi wako utaanza kuhesabiwa siku utakayorudi na kadi ya kliniki, hiyo mashine hata kama imekosea basi hospitali watasema imekosea tutafurahi wote. Akaondoka bila kuaga. Bosi wangu naye hakufurahi sana siku hiyo.

Sasa kwa nini nilimkatalia, hili nataka watu walielewe vizuri. Mtu akinyanyua kitu kizito kwa kawaida anabana pumzi, na ukibana pumzi huku umekaza mwili presha inapanda ghafla kwa sekunde zile, kwa mtu mzima wa afya inapanda inashuka yanaisha, ila mtu ambaye ameanzia 186 anapanda kwenda wapi? Mshipa wa kichwani hauna huruma. Na presha haiumi, ndo ubaya wake, mtu anatembea nayo miaka anasema yuko fiti. Ukikuta inasoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti hiyo tayari ni presha ya kupanda na inahitaji daktari, siyo kocha. Kwa hiyo mwalimu wa mazoezi anayempeleka mtu kwenye vyuma bila kumpima wala kumuuliza kitu mimi namwona ni mtu wa hatari, hata awe na kifua cha aina gani.

Yule baba alirudi. Ilipita kama wiki na kitu, kaja na kadi, kaandikiwa dawa, na daktari kamwandikia atembee. Tukaanza na kutembea, dakika kumi na tano, mwendo ambao anaweza kuongea na mimi bila kuhema, hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba upo pazuri. Suti fundi aliilegeza pembeni. Sendofu ilipita, na yeye akabaki, nadhani ndiye anayewahi kuliko wote asubuhi, anakuta nafungua geti.

Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuupa misuli kazi. Ukigawa ni nusu saa kwa siku tano. Nikimwambia hivyo mtu aliyekuja na hasira ya kukata tumbo ananiona namdanganya, anataka masaa mawili kila siku. Namuuliza, baada ya wiki tatu utakuwa bado unaweza masaa mawili? Ananyamaza.

Maana kinachotokea ni hiki. Anakuja Jumatatu anapiga kila mashine iliyopo, analala vizuri anajisikia shujaa. Jumanne asubuhi anaamka hawezi kushuka kitandani, Jumatano ndo mbaya zaidi, choo cha kuchuchumaa kinakuwa mtihani. Hayo maumivu ya misuli kwa mtu mgeni huwa makali kati ya saa 24 na 72, ni ya kawaida na yanaisha, ila yeye hajaambiwa na mtu, anajua ameumia, anaogopa, hatumuoni tena. Lipo moja ambalo siyo la kawaida na kila mgeni namwambia, misuli ikivimba ikakakamaa na mkojo ukatoka rangi ya chai ya rangi, usinywe maji ukalala ukisubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli inakuwa imevunjika na mabaki yake yanaelekea kuziba figo.

Vijana wa chuo nao wana yao. Dodoma imejaa vyuo, hao wanakuja kwa makundi jioni, wanataka kifua na mikono basi, miguu hawaitaki kabisa, anavaa suruali anasema haionekani. Na kwenye simu zao kuna mtu anawauzia sindano na vidonge vya kujaza mwili haraka. Hapa huwa nakuwa mkali na sitaki mzaha. Zile ni homoni, ukiingiza ya nje mwili unaacha kutengeneza ya kwako, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, ini linaumia, moyo unatanuka, na kijana wa miaka ishirini na moja anauza vitu hivyo vyote kwa ajili ya picha. Nawaambia kula. Mayai, maharage, dagaa, maziwa, karanga, Dodoma hii karanga hazijawahi kukosekana, ugali wa uwele upo, lala masaa yako, njoo mara nne kwa wiki mwaka mzima. Wengine wananisikiliza. Wengine wanahamia jimu nyingine ambako hawaulizwi, na hilo linaniuma kweli, kwa sababu najua wanaelekea wapi na sina la kufanya.

Kwa wakina dada hofu ni tofauti, wanaogopa vyuma wakidhani watakuwa na mwili wa kiume. Homoni inayojaza misuli mwanaume anayo kwa wingi mno kuliko mwanamke, kunyanyua dambeli za kilo tano mara tatu kwa wiki hakuwezi kukupa mabega ya beberu dada yangu. Kinachokuja ni mgongo usiouma na mifupa migumu, na mwanamke anayekaribia kukoma hedhi ndo anaihitaji hiyo mifupa kuliko mtu yeyote pale ndani. Na tumbo, kila siku tumbo. Hakuna zoezi la kukata mafuta ya tumbo peke yake, mwili ndo unaamua utoe mafuta wapi kwanza, unaweza ukafanya situpu mia tatu misuli ya tumbo ikakomaa vizuri kabisa na mafuta yakabaki juu yake yametulia. Kuna dada alikuwa amefunga nailoni tumboni, juu yake kamkanda, anakimbia saa saba mchana na jua la hapa, akidhani jasho ndo mafuta yanatoka. Nikamfungua pale pale kwa ridhaa yake, nikampa maji. Lile ni maji na chumvi tu, akinywa chupa moja uzito umerudi.

Tulipiga marufuku kurekodi video sehemu ya mazoezi. Bosi alisita maana video ni matangazo ya bure, lakini mama mmoja alijiona kwenye simu ya mtu asiyemjua, anafanya erobiki, na watu wameandika maneno chini yake. Alikuja kulia ofisini. Anayetaka kujipiga anajipiga kule kwenye kioo cha mlangoni na nyuma yake kusiwe na mtu. Tangu tuweke hiyo sheria darasa la erobiki la jioni limejaa mpaka tunasogeza mabenchi.

Muziki pia ni kazi, msiuone hivi hivi. Ukiweka singeli kwenye darasa la wageni watu wanafuata mdundo, miguu haiwezi ile kasi, vifundo vya miguu vinateguka. Singeli naiweka mwishoni kwa wazoefu, dakika chache, wanapiga mayowe wanafurahi. Asubuhi naweka vitu vya taratibu.

Sehemu ambayo haisemwi sana ni usafi, na mimi kwa kuwa nilianzia huko naipa heshima yake. Vumbi la Dodoma kuanzia mwezi wa nane linapita hata kwenye dirisha lililofungwa, linaingia chini ya mkanda wa tredimili, mkanda unakuwa mzito, mota inapata moto, mashine ya mamilioni inaungua kwa sababu ya vumbi. Ndo maana tunawaambia watu waje na viatu vya ndani kwenye mfuko, wengine wanaona tunajidai. Jasho nalo lina chumvi, ukiliacha kwenye fimbo usiku mmoja asubuhi unakuta kutu. Dada wa usafi wetu anafuta kila mpini, kila benchi, anaangalia nyaya zilizochakaa, na mara mbili ni yeye aliyeona waya wa mashine ya kuvutia umeanza kukatika nyuzi kabla yetu sote. Ukija jimu msalimie huyo kwanza.

Na umeme. Umeme ukikatika mtu akiwa anakimbia, mkanda unasimama yeye bado anaenda. Ile kamba nyekundu yenye klipu watu wanaiona pambo, sisi kwetu hupandi bila kuibana kwenye nguo, maana ukiteleza inachomoka na mashine inazima yenyewe, na baada ya giza umeme ukirudi tunapita kuzima kila mashine kwanza. Mwenye kisukari naye nataka nimjue kwa sura, kwa sababu sukari ikishuka katikati ya zoezi anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, watu wanadhani kachoka. Soda ya kawaida yenye sukari ipo kwenye friji yetu kila siku haiuzwi, ni ya hiyo kazi. Kama amezimia humpi kitu mdomoni, unamlaza ubavu na unapiga simu.

Hela zinakuja kwa misimu. Kwingine nasikia Januari ndo jimu zinajaa, kwetu Januari ni ada za shule, watu wanapita nje ya geti kama hawatujui. Tunaanza kupumua vikao vya Bunge vinapoanza mwishoni mwa mwezi, na msimu mkubwa ni Bunge la Bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, nyumba za wageni zinajaa, na jimu inajaa waheshimiwa na watu wao. Wanafunga kikao, Julai unasikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe. Ramadhani wateja waislamu wanahamia saa moja kabla ya futari kwa kutembea tu au baada ya tarawehe kwa vyuma, na tunachelewa kufunga kwa ajili yao, mimi naona ni sawa kabisa.

Aliyepotea huwa namtumia ujumbe. Simwambii ada yako imeisha, namuuliza hali yake, za nyumbani, mgongo unaendeleaje. Unashangaa majibu. Mwingine yupo hospitali anauguza mama yake, mwingine kahamishwa Singida, mwingine anasema naona aibu kurudi nimeongezeka tena. Huyo wa mwisho namwambia njoo saa nne asubuhi, hakuna watu, tutatembea tu.

Kwa kijana anayetaka hii kazi, kifua chako siyo cheti. Kasome hata huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu wanafundisha, ujue kukandamiza kifua cha mtu aliyeanguka kabla hujajua kuhesabu seti. Na kabla hujaanza dai mkataba wa maandishi. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi tulikuwa tunafungua alfajiri tunafunga usiku mtu yule yule, malipo ni maneno ya mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zikizidi ni mara moja na nusu ya malipo, na hiyo inakuhusu hata wewe unayevaa tisheti ya jimu. Kama kuna kamisheni ya kila mteja unayemfundisha peke yake iandikwe ni asilimia ngapi, inalipwa tarehe ngapi, na mteja akilipa kwa lipa namba ya bosi wewe unapata wapi kumbukumbu yake. Waandike na nani anakaa zamu ya alfajiri, nani ya usiku.